Ubao Uliobaki

Barua ya uhamisho ilinifikia wiki tatu kabla ya shule kufungwa. Niliisoma nimesimama, nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa ndani wa koti, kisha nikatoka kwenda kugonga kengele. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti ya baraza, na nondo ya kukipigia. Hata leo nikitaka kuikumbuka Likoni ya miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru, husikia mlio ule kwanza, ndipo nikaona nyuso za watu.

Shule ilikuwa ndogo. Vyumba vinne vya mawe vilivyoezekwa mabati, kimoja cha udongo na makuti, na walimu sita pamoja nami. Watoto wetu walikuwa wa wakulima na wavuvi, wachache wa makuli wa bandarini, nao walifika asubuhi miguu imelowa umande wa mashamba ya mihogo. Nilikuwa mwalimu mkuu pale kwa miaka saba. Sasa nilitakiwa Changamwe, kwenye shule kubwa ya watoto wa wafanyakazi wa viwandani na relini. Nilimshukuru Mola, maana kupandishwa daraja ni neema. Lakini kila nilipofikiria kufunga mizigo, mawazo yangu yaliishia kwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wetu wa dini. Sote tulimwita Maalim, wakubwa kwa wadogo, na hata mwalimu wa hesabu, aliyekuwa Mkristo wa Rabai, alimwita hivyo hivyo. Kwangu mimi alikuwa zaidi ya mwenzangu wa kazi. Nilipokuwa na umri wa miaka sita, baba alinishika mkono akanipeleka barazani kwake, akasema maneno yaliyokuwa desturi ya wazazi wa kwetu: "Maalim, nyama yako, mifupa yangu," yaani anichape atakavyo mradi asinivunje. Ndiye aliyenifundisha kushika kalamu ya utete, kuichovya katika wino wa masizi, na kuandika aya kwenye ubao uliopakwa udongo mweupe.

Ndiye pia aliyenifundisha kuuosha ubao ule baada ya aya kuhifadhiwa. Maji ya ubao si maji ya kumwaga popote. Yamebeba maneno ya Mwenyezi Mungu. Tuliyakinga kwenye bakuli, tukayapeleka kwenye shina la mkomamanga uliokuwa nyuma ya nyumba yake, mahali pasipopita mguu wa mtu. Mimi nilikuwa mtoto wa haraka. Wenzangu wakinisubiri tukaogelee, nilisugua katikati ya ubao na kuziacha pembe. Maalim hakunipiga kwa kosa hilo. Aligusa ubao kwa ncha ya ufito wake na kusema neno moja tu: "Pembe." Nami nikakaa chini tena.

Mungu alipojaalia nikawa mkuu wa shule aliyofundisha yeye, niliona haya kubwa. Mwanafunzi atamwongozaje mwalimu wake? Ni yeye aliyenitoa haya zile. Siku yangu ya kwanza, chumba cha walimu kimejaa, alininyooshea kikombe akasema, "Mwanangu, nitilie chai." Nikainuka, na tai yangu shingoni, nikamtilia. Mwalimu wa Rabai alicheka hadi akakohoa.

"Leo ndiyo nimejua mkuu wa shule hii ni nani," alisema.

"Mkuu ni yeye," Maalim akamjibu. "Mimi ni mkuu wa mkuu."

Ikawa desturi. Kila mapumziko ya saa nne, nilimtilia chai, vijiko vitatu vya sukari, na kila siku alidai sukari haitoshi. Tulikwenda hivyo miaka mitano.

Kisha mkaguzi akaja.

Tulikuwa tumeomba ruhusa ya kufungua darasa la tano. Bila darasa hilo, watoto wetu wakimaliza la nne iliwabidi kuvuka kwa feri kwenda kusoma kisiwani, na wengi hawakuvuka, walirudi shambani na jembe. Mkaguzi, Mzungu mrefu mwenye kofia ya jua, alikuwa aje Alhamisi. Akaja Jumatano.

Nilimwona akiteremka garini nikababaika. Maalim alikuwa bado akifundisha kwa mbao, kama alivyonifundisha mimi, na katika darasa la makuti zilikuwako mbao ishirini hivi zimeegemezwa ukutani, zimeandikwa, zikingoja watoto wa mchana. Nilijua wageni wa namna ile walivyozitazama mbao zetu kwa dharau. Nikamwita mtunza shule, mzee mgeni aliyekuwa na wiki mbili tu kazini, nikamwambia, "Zioshe mbao zile upesi, uzitie stoo." Sikumwambia maji ayapeleke wapi. Kwetu sisi hilo si jambo la kuambiwa. Tumelelewa nalo, na mtu husahau kuwa alifundishwa. Sikufikiria kwamba yule mzee hakulelewa Likoni.

Nilipotoka ofisini na mkaguzi, mzee alikuwa na ndoo mkononi. Akaimwaga mbele ya ngazi. Maji meusi yakaenea njiani, mbele yetu, hatua nne au tano.

Nilikuwa na wasaa wa kusema. "Tafadhali bwana, tupite huku." Ni maneno manne. Lakini nilichelea kwamba ataniuliza kwa nini, na kwamba jibu langu litaingia kwenye ripoti yake, na darasa la tano litapotea kwa sababu ya maji ya masizi. Nikanyamaza. Mkaguzi akapita juu ya maji yale na viatu vyake. Nami nikapita nyuma yake.

Maalim alikuwa amesimama mlangoni pa darasa lake. Mkononi alikuwa na ubao mmoja aliowahi kumpokonya yule mzee kabla haujatiwa maji. Hakunitazama usoni. Alinitazama miguu.

Darasa la tano tulilipata, na leo nikikutana na wazee wenzangu waliosoma darasa lile, wengine wana wajukuu, namhimidi Mungu kwa ajili yao. Lakini tangu siku ile Maalim alizihamisha mbao zote nyumbani kwake, akawa anafundisha kwa daftari na penseli kama sisi wengine. Hakunilaumu. Hakunisema kwa mtu. Aliacha tu kuniita mwanangu. Nikawa "Bwana Mkuu." Na chai akajitilia mwenyewe. Kila Idi nilikwenda kwake, nikambusu mkono na kusema, "Niwie radhi, Maalim," naye akajibu, "Mungu atutakabalie sote." Ni dua nzuri, lakini si jibu la nililoomba, na sote wawili tulijua.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa barua ya uhamisho ilipokuja. Mtu aliyesoma dini hawezi kusingizia kwamba hajui. Haki ya Mola, Mola huisamehe kwa rehema yake. Haki ya mja imo mikononi mwa mja mwenyewe, na ikiwa mja huyo ni mwalimu wako, kuondoka bila radhi yake ni kama kujenga nyumba bila msingi. Mke wangu alikuwa akikunja kanzu zangu aliponiuliza, bila kuinua macho:

"Utavuka feri, utapita Makupa, ufike Changamwe. Na radhi ya Maalim je, itabaki huku?"

"Nitaiomba kwenye chai ya kuagana," nikasema. "Mbele ya walimu wote."

"Vyema. Na utasema nini?"

"Nitasema inavyosemwa."

Akaendelea kukunja.

Siku ya kufunga, watoto walikwenda zao kabla ya adhuhuri, na sisi tulipokwisha kusali tukakusanyika chumba cha walimu. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa ameleta mahamri na mbaazi za nazi, na birika kubwa la chai ya tangawizi. Mwalimu wa Rabai alileta mapapai. Maalim aliingia wa mwisho, kwapani amebeba kitu kipana kilichofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Naam, zawadi ya Bwana Mkuu imefika!" mwalimu wa Rabai akashangilia. "Na kwa upana ule, Maalim kaleta sinia. Ajue atakulia nini huko."

"Changamwe hakuliwi," Mama akasema. "Changamwe huvutwa moshi tu. Utaturudia kanzu yako nyeusi kama sufuria, mwalimu."

"Nitaileta kwako uifue."

"Mimi? Mpelekee mkeo. Mimi nilikuwa nakufulia maneno yako kwa wazazi, imetosha."

Tukacheka. Maalim naye alitabasamu, akauweka mzigo wake miguuni akakaa. Tulikula. Naibu wangu, ambaye angeshika nafasi yangu muhula uliofuata, alisoma maneno machache ya shukrani. Aliwakumbusha watu siku nilipopanda juu ya mabati kuziba tundu, mvua ikanikuta huko huko. Kisha ikawa zamu yangu.

Nilikuwa nimeandika kurasa mbili kwa mwandiko wangu mzuri. Niliwashukuru mmoja mmoja. Nilimshukuru Mama kwa watoto waliokuja wakilia na kumaliza mwaka wakiimba, na nikamshukuru mwalimu wa Rabai kwa kutushikia zamu zetu kila Ijumaa ili sisi twende msikitini. Nilimshukuru Maalim kwa kila herufi niliyoijua. Mwisho nikasema, kama isemwavyo: "Ndugu zangu, tumekaa pamoja miaka saba, na binadamu hakosi kukosea. Kwa nililolijua na nisilolijua, niwieni radhi."

"Tumekuwia radhi," walimu wakajibu kwa pamoja, "nawe utuwie."

Sikuhitaji kutazama. Sauti moja haikuwamo.

Nilikaa. Naibu akamgeukia Maalim, maana yeye ndiye aliyefunga vikao vyetu vyote. "Maalim, tufungie kwa dua."

Maalim hakuinua mikono. "Dua hufunga kikao kilichokwisha," akasema. "Hiki hakijesha."

Mwalimu wa Rabai alikuwa na kipande cha papai mdomoni, akaacha kutafuna.

"Bwana Mkuu ameomba radhi kwa alilolijua na asilolijua," Maalim akaendelea, taratibu, kama anayefafanua somo. "Asilolijua, nimemwia radhi tangu zamani. Alilolijua, nangoja alitaje."

Mbele yangu walikuwako watu niliowaongoza miaka saba, na mmoja kati yao ndiye atakayekalia kiti changu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Maalim, hilo nitakuja nyumbani kwako tulizungumze, mimi nawe."

"Lilitendeka nyumbani kwangu?"

Mama alianza kukusanya sahani ili apate sababu ya kutoka. Maalim akamwambia, "Kaa, mwanangu. Hapa hapana siri." Akakaa na sahani mapajani.

Nilitazama hotuba yangu iliyokuwa mezani. Mwandiko ulikuwa mzuri kwelikweli, na ndani yake hapakuwa na neno hata moja la yale niliyopaswa kuyasema. Ndipo nilipoelewa kosa langu la pili, lililokuja juu ya lile la kwanza. Miaka miwili nilikuwa nikiomba radhi kwa jumla, kama mtu anayesugua katikati ya ubao.

Nikasimama tena. Sikuwa na karatasi mkononi.

"Siku mkaguzi alipokuja," nikasema, "niliamuru mbao za Maalim zioshwe. Maji yake yalimwagwa njiani, mbele ya ngazi. Niliyaona. Nilijua ni maji gani. Nikanyamaza kwa kumwogopa mgeni, nikamwacha ayakanyage, na mimi mwenyewe nikayakanyaga. Mwalimu wangu alikuwa akinitazama. Kwa hilo, Maalim, nakuomba radhi. Kwa hilo hasa."

Aliyesema kwanza alikuwa mwalimu wa Rabai. Alikuwa ameweka papai lake chini.

"Mungu wangu," akasema. "Mzee aliniuliza mimi amwage wapi. Nikamwambia pale pale, apunguze vumbi mgeni anapita. Mimi nilidhani ni maji machafu tu! Maalim, miaka yote hii, mbona hukunikemea?"

"Ningekukemea kwa nini? Wewe hukujua." Maalim alimtazama kwa upole. "Asiyefundishwa hana kosa, kosa ni la aliyefundishwa. Na ukitaka kujua, vumbi kweli lilipungua."

Mwalimu wa Rabai hakujua acheke au asicheke. Mama ndiye aliyecheka, kisha akafuta macho kwa upande wa mtandio.

Maalim akainama akaufungua mzigo wake. Halikuwa sinia. Ulikuwa ubao, ule mmoja, na aya ingali juu yake kwa mkono wa mtoto, wino umefifia ukawa rangi ya kahawa. Alikuwa ameuhifadhi miaka miwili bila kuuosha.

"Huu ndio uliobaki," akasema. "Una udhu?"

"Ninao. Lakini nitautia upya."

Nikaenda pipani nikatawadha. Mama aliniletea bakuli la kauri lililokuwa na mahamri, amelisafisha kwa haraka. Nilikaa kwenye sakafu ya baraza, kanzu nimeikunja magotini, ubao mapajani, nikauosha kwa kiganja cha mkono wa kulia. Udongo mweupe ulilainika, wino ukaachia. Harufu ile ya masizi na udongo mbichi ikapanda, nikajiona mtoto. Nilisikia walimu wamesimama nyuma yangu mlangoni. Sikuwa na haraka, au nilidhani sikuwa nayo. Nilipoona mti umeonyesha rangi yake, nikauinua kumwonyesha.

Maalim hakuwa na ufito siku hizo, alikuwa na bakora ya kutembelea. Akaigusisha kwenye ubao, chini, upande wa kushoto.

"Pembe," akasema.

Nikatazama. Palikuwa na nusu ya herufi. Nikaurudisha mapajani nikasugua tena, na machozi yakanitoka, nami sikuona aibu kuyaacha yatoke. Niliinua uso ili yasidondokee bakulini.

Shuleni hapakuwa na mkomamanga. Nyuma ya darasa la makuti palikuwa na mlimau mchanga tulioupanda na watoto, umezungushiwa ua wa vijiti kwa ajili ya mbuzi. Nilibeba bakuli kwa mikono miwili, Maalim akifuata na bakora yake, nikapitisha mikono juu ya vijiti na kuyamimina maji taratibu shinani. Ardhi ya kwetu ni mchanga, haichukui muda. Yalizama yote.

"Nimekuwia radhi," Maalim akasema nyuma yangu. "Duniani na akhera. Nenda kafundishe huko Changamwe, na atakapokuja mgeni mwingine, mwambie apite upande wa pili. Atapita. Wageni nao wana miguu ya kuzunguka."

Nikambusu mkono. Akageuka kurudi chumbani. Nilimfuata. Alikaa kitini pake, akainua mikono, akaomba dua ndefu kwa ajili ya safari yangu, watoto wa shule, na nchi ambayo hatukujua bado itakuwaje, na mwalimu wa Rabai aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Ubao aliufunga tena katika kitambaa chake akanikabidhi. Ninao hadi leo, katika chumba ninamoandikia haya, na sijapata kuandika kitu juu yake.

Kikao kilikuwa kimekwisha, watu wanatafuta makubazi yao. Nami nilikuwa nikikusanya kurasa zangu mbili niliposikia kikombe kikigongwa mezani, kidogo tu, kwa kijiko. Maalim alikuwa amekinyoosha kuelekea kwangu, bila kunitazama, akizungumza na Mama habari za bei ya nazi.

"Mwanangu," akasema, katikati ya maneno yake mengine, "nitilie chai."

Birika lilikuwa limepoa. Nikamtilia hivyo hivyo, nikatia vijiko vitatu, nikakoroga. Akaonja.

"Sukari haitoshi," akasema.